Mfuko wa Nyuma

Jina la Verlyn Haugstad lilipotoka asubuhi ile, hakuna dereva aliyeshangaa. Lilikuwa limetoka mara nyingi katika miaka yote aliyobeba maziwa. Kila mara aliingia chooni na kikombe, akatoka nacho, akatia saini, akarudi kwenye lori lake kabla kahawa yake haijapoa. Kompyuta iliyo mbali huko ndiyo huchagua majina ya madereva wa kupimwa dawa za kulevya, na ukiitwa unakwenda papo hapo, jinsi ulivyo. Hakuna kupitia nyumbani.

Mpimaji alikuwa mama mmoja aitwaye Joleen, aliyekuja na gari lake kutoka mjini. Alikuwa amepanga vitu vyake kwenye meza ya chumba cha mapumziko cha kiwanda cha jibini: vikombe, utepe wa kuzibia, na dawa ya buluu ya kutia kwenye maji ya choo ili mtu asije akachota humo. Madereva wawili waliokwisha kupimwa walikaa dirishani wakinywa kahawa. Mmoja wao alikuwa Rollie, mtu asiyeweza kunyamaza hata msibani.

"Mzee, umejiandaa?" Rollie akamwuliza Verlyn. "Maana jana nilikuona barabarani unacheka peke yako. Nikasema, huyu tayari keshavuta."

"Nilikuwa naicheka sura yako kwenye kioo cha pembeni."

"Mama, mpime huyu mara mbili! Hawa wasiogusa hata bia ndio wabaya."

Joleen akatabasamu bila kuinua macho. "Mzee Haugstad, vua koti na kofia, weka pale kwenye kiti. Halafu toa kila kilichomo mifukoni, weka hapa mezani nikione."

Verlyn akatoa funguo, kisu kidogo, pochi, na vidonge vya kiungulia. Mkono wake ulipofika kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, ukasimama.

Majira ya baridi yaliyopita Verlyn alikuwa ametolewa tezi dume hospitalini. Watu wote aliwaambia ni ngiri. Mkewe Ardis peke yake ndiye aliyejua kweli, na aliapishwa asiseme. Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini tangu siku ile mkojo wake haukuwa na adabu. Akipiga chafya unatoka. Akiinua bomba la kunyonyea maziwa unatoka. Akishuka kwenye lori, mguu ukigusa ardhi, unatoka. Kwa hiyo alivaa pedi, mtu mzima wa miaka sitini na ushee, na nyingine za akiba alizificha chini ya kiti cha lori. Asubuhi ile alikuwa ameitia moja mfukoni, anakwenda kubadilisha, ndipo Rollie alipomwita kutoka mlangoni kwamba jina lake limetoka.

"Na wa nyuma, mzee," Joleen akasema.

"Hamna kitu."

"Naona umevimba."

"Ni leso."

"Basi nione leso."

"Ameficha mkojo wa mkewe!" Rollie akapiga kelele, na mwenzake akacheka mpaka kahawa ikammwagikia.

Verlyn alisikia joto likimpanda shingoni. Aliiona ile pedi katika mawazo yake, nyeupe, imekunjwa ndani ya plastiki yake, imelala mezani kati ya funguo na kisu. Aliusikia utani wa Rollie, si wa siku ile tu, bali wa kila siku mpaka atakapostaafu.

"Sitoi," akasema.

Joleen akasogea karibu, akapunguza sauti. "Mzee, nisikilize. Usipotoa, lazima niandike kwamba umekataa kupimwa, na kukataa kunahesabiwa sawa na kukutwa na dawa za kulevya. Leo hiihii hutaendesha tena. Kama ni kitu cha siri, twende pale pembeni nikione mimi tu, basi. Mimi huona mambo mengi."

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, umefunguliwa kwa huruma. Lakini Verlyn aliona kwamba wakienda pembeni Rollie atauliza kilichokuwa pembeni. Isitoshe, Joleen alikuwa wa rika la binti yake.

"Umenielewa, mzee?"

"Nimekuelewa."

Akachukua vitu vyake, akavaa kofia, akatoka. Nyuma yake hapakuwa na kicheko tena. Hata Rollie alikuwa amenyamaza, na hilo lilimtisha kuliko maneno ya Joleen.

Curt, mwenye malori, alimfuata kwenye maegesho akikimbia. Alikuwa kijana bado. Baba yake ndiye aliyemwajiri Verlyn.

"Mzee Verlyn, nini tena? Kama ni vidonge vya maumivu ya ile ngiri, sema, tutamweleza daktari."

"Si vidonge."

"Basi ni nini?"

"Sipendi kupekuliwa kama mwizi. Nimechoka."

Uongo ule ulitoka laini kuliko alivyotarajia, na ulikuwa na sura nzuri, sura ya mtu mwenye msimamo. Curt akanyoosha kiganja. Verlyn akaweka funguo za lori juu yake.

Siku za mwanzo uongo ule ulimbeba. Wanaume wawili watatu walimpigia simu kumpongeza. Lakini maziwa hayakai, na dereva mwingine alikuwa sasa anapita mashambani kwa wafugaji, na kila mfugaji aliuliza, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba Verlyn amekataa kupimwa, bila shaka ni vidonge. Kisha watu wakaanza kuleta chakula. Kule kwao Wisconsin, Marekani, jirani hakuulizi lililokupata. Anakuja na bakuli la nyama na viazi vya kuokwa, limefunikwa vizuri, anasimama mlangoni, anasema hali ya hewa mbaya, anaondoka. Hivyo ndivyo wanavyofanya mtu akifa. Verlyn aliyala mabakuli yale moja baada ya jingine, na kila kijiko kilimkwama, kwa maana alijua wamempikia mlevi wa vidonge.

Ijumaa moja Ardis alirudi kutoka jikoni mwa kanisa, walikokuwa wanakaanga samaki wa kuuza. Hakuvua koti. Alisimama katikati ya sebule na mkoba mkononi.

"Wameniombea," akasema.

"Nani?"

"Akina mama wote. Tumemaliza kuosha masufuria, wakanizunguka, wakanishika mabega. Mke wa mchungaji akaomba kwa sauti. Bwana umtie nguvu dada yetu Ardis. Bwana uvunje minyororo iliyomfunga mumewe." Akaushusha mkoba kwenye kiti. "Nikaitikia amina, Verlyn. Nimeinamisha kichwa changu, nimeitikia amina kwa uongo wako."

"Ungewaambia si kweli."

"Wangeuliza kweli ni ipi. Na uliniapisha!"

Verlyn akatazama zulia.

"Miaka yote hii hujanywa hata glasi ya mvinyo kwenye harusi ya binti yako," Ardis akaendelea. "Watu walikuwa wanakucheka, mimi nikijivuna. Sasa natembea dukani wananipisha njia kama mjane. Kisa nini? Kitambaa! Mimi nimevaa vitambaa nusu ya maisha yangu, na hakuna aliyenifukuza kazi."

"Mwanamume si sawa na mwanamke, Ardis."

"Ndiyo, naona. Mwanamume afadhali aitwe mvuta bangi." Akaanza kufungua vifungo vya koti, kisha akavifunga tena. "Sitasema kwa mtu. Nimeapa. Lakini utanirudishia jina langu, utajua mwenyewe kwa njia gani. Usipolirudisha nitaenda kwa Karen, nikae huko."

Karen alikuwa binti yao, na Ardis hakuwa mtu wa kutisha kwa mdomo tu.

Kulikuwa na njia moja tu, nayo iliandikwa katika sheria. Aliyekataa kupimwa anaweza kurudi kazini akipitia kwa mshauri wa walevi, amalize mafunzo, kisha apimwe upya na awe safi. Verlyn akaenda. Mshauri, mwanamke mpole mwenye miwani mikubwa, alimwuliza anatumia nini, kwa kiasi gani, tangu lini. Ndipo Verlyn akasema kweli kwa mara ya kwanza kwa mtu asiye mkewe wala daktari. Aliisema kwa sauti ndogo hata mshauri akamwomba arudie.

"Nakuamini," mshauri akasema mwishoni. "Lakini mimi sina mamlaka ya kufuta kukataa kwako. Utamaliza mafunzo kama wengine. Na kuna jambo jingine afadhali nikwambie mapema. Kipimo cha kurudi kazini hakifanywi mlango ukiwa umefungwa. Mtu wa jinsia yako anaingia nawe, anatazama."

"Anatazama nini?"

"Kila kitu, mzee."

Akakaa madarasani na vijana waliokamatwa kweli, wakimwita babu na kumwuliza yeye alikuwa anavuta nini. Akafanya mazoezi aliyopewa na daktari ya kubana na kuachia. Vuli ilipofika Curt akampigia simu: siku imepangwa, ni kule mjini, kwenye zahanati ya Joleen.

Ardis alimpeleka kwa gari. Verlyn alikunywa maji njia nzima, akibana kwa nguvu zake zote, na bado alipofika pedi ilikuwa imelowa. Joleen alimpokea kama mtu asiyekumbuka lolote. Mifuko ilimwagwa mezani, yote, naye akatazama pedi ya akiba, akaisogeza kando kwa kidole kama alivyosogeza funguo.

"Muuguzi wetu wa kiume anaumwa," akasema. "Sheria inataka anayetazama awe mwanamume tu, si lazima awe mpimaji. Nimemwomba fundi wetu. Nimeshamfundisha la kufanya."

Fundi akaingia akijifuta mikono. Alikuwa Delmar Voight.

Zamani Delmar alikuwa na ng'ombe. Kazi ya dereva wa maziwa si kubeba tu. Kabla hajafungulia bomba huchota maziwa ya kila shamba katika kichupa, na kiwandani ikionekana dawa ya kutibia ng'ombe, isiyotakiwa katika maziwa, ndani ya tangi, vichupa husema ni ya nani. Mwaka mmoja kichupa cha Delmar kilisema. Lori zima likamwagwa, na Delmar akalipa maziwa ya majirani zake wote. Alikuwa amemwomba Verlyn, mbele ya watu, aseme labda alichanganya vichupa. Verlyn alikuwa amemjibu, mbele ya watu haohao, kwa sauti ya kusikika, kwamba yeye huangalia kwa macho yake kila kinachoingia katika kichupa. Delmar aliuza ng'ombe, akahamia mjini.

"Verlyn," Delmar akasema.

"Delmar."

Wakaingia. Chumba kilikuwa kidogo, na bega la mmoja lilikuwa karibu na la mwenzake. Delmar akakariri alivyofundishwa, akitazama juu ya kichwa cha Verlyn. "Pandisha shati mpaka juu ya kitovu. Shusha suruali na nguo ya ndani mpaka katikati ya mapaja. Kisha ugeuke polepole."

Verlyn akafanya. Pedi ikaning'inia ndani ya nguo, nzito, na harufu yake ikajaa chumba. Akageuka mzunguko mzima. Aliporudi kuelekea mbele, Delmar alikuwa ameiona.

"Ni hii?" Delmar akauliza.

"Ni hii."

"Watu wanasema vidonge."

"Najua wanavyosema."

Delmar akakuna shingo. Halafu, taratibu, akageuza uso wake ukutani, akabaki akitazama vigae. Huenda ilikuwa huruma, huenda naye aliona aibu. Verlyn alisimama na kikombe mkononi, miguu imepigwa na baridi, na kwa muda alishukuru. Angeweza kumaliza hivyo na kutoka.

"Delmar," akasema. "Lazima utazame."

"Nimeshatazama."

"Hapana. Lazima uone ukitoka mwilini ukiingia kwenye kikombe. Usipoona, haihesabiwi. Joleen atakuuliza."

"Nitamwambia nimeona. Kojoa, bwana, twende zetu."

"Usimwambie uongo kwa ajili yangu." Verlyn akainua kikombe. "Tazama, tafadhali. Nakuomba."

Delmar akashusha pumzi ndefu. "Wewe hujabadilika hata kidogo," akasema. Kisha akageuka, akatazama chini, akaendelea kutazama.

Mkojo ulikuja matone, ukakatika, ukaja tena, bado chini ya mstari uliochorwa kwenye kikombe. Verlyn alisikia masikio yake yakiwaka. Hakujua aweke wapi macho.

"Haujafika mstari," Delmar akasema.

"Najua."

"Basi subiri. Mimi sina haraka."

Verlyn akasubiri, suruali imeshuka, shati amelibana kwa kidevu kama mtoto, na Delmar Voight akiwa amesimama mbele yake, macho hayapepesi.