Asilimia Tatu ya Nyanya

Redio alipewa jina hilo na wenzake wa maabara kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kwa hiyo siku mashine ya kusoma vinasaba ilipotoa majibu ya ile nyanya iliyogoma kufa kwa mnyauko, na majibu yakasema asilimia tatu ya sampuli ni binadamu, hakuna aliyeuliza ni nani. Macho yote yalimgeukia yeye.

"Mate yako hayo!" alifoka Mkuu wa maabara, mzee anayepiga pasi koti lake jeupe mpaka mifuko. "Umevua barakoa ukaipigia soga! Kuanzia leo unaosha chupa. Mashine hii huigusi tena."

Redio ndiye aliyeikuta nyanya hiyo kitaluni imesimama wima wakati nyingine zote zimelala chali. Yeye ndiye aliyeomba isomwe, ijulikane ni jeni gani inayoipa ukaidi huo, wakulima wapate mbegu. Na barakoa hakuvua. Kuongea aliongea, lakini ndani ya barakoa!

Akaketi kwenye kompyuta, akateremka na majibu hadi chini kabisa, ambako Mkuu hakuwa na subira ya kufika. Akasoma. Akarudia kusoma.

"Mkuu, shikamoo."

"Tumeshasalimiana!"

"Nakusalimia upya. Huyu binadamu ni mwanaume. Kromosomu ya kiume hii hapa. Na humu ndani, mimi na dada zangu hawa..."

Hakumalizia. Dada zake waliinama kutazama viatu, mabega yakiwatetemeka. Mkuu, mwanaume pekee wa maabara nzima, alibaki katikati ya chumba, masikio yamemwiva.

"Huwa naibusu," alisema kwa sauti ndogo. "Asubuhi, kabla hamjafika. Jani moja tu. Jamani, imepona peke yake, ningeachaje?"

Redio alimhurumia, ila si sana. "Basi nakata jani jipya leo hii, mashine naiendesha mimi, na ufunguo wa kitalu unakaa kwangu."

"Sawa, mama," Mkuu alijibu kwa adabu zote. Kisha akasogea taratibu kwenye kompyuta, akaitazama ile asilimia tatu, machozi yakamlengalenga.

"Kwa hiyo," aliuliza, "mtoto ni wangu?"