Sahihi ya Horácio Pimentel

Horácio Pimentel alipokuja kusema kwamba hahamii tena, alimkuta Bi Deolinda juu ya ngazi, anapaka rangi fremu ya dirisha la ghorofa ya pili ya nyumba yake, palepale Horácio alipokuwa amepapanga. Rangi yenyewe samawati, kama kuta za chumba, maana siku ya kutia sahihi mkataba Horácio aliropoka kwamba anapenda samawati. Alivua kofia, akakohoa, akaomba radhi. Mambo yamegeuka, alisema, amepata mahali pengine. Bi Deolinda akamuuliza ni wapi. Mzee wa watu akaizungusha kofia yake mikononi, akasema ni hapo jirani, kwa Bi Natália.

Angesema amepata mji wa pili, Pawtucket, au kwa mwanawe, au hata kwa shetani mwenyewe, Bi Deolinda angemlaani siku mbili akanyamaza. Lakini kwa Natália! Kwa mdogo wake wa toka nitoke, mjane kama yeye, ambaye tangu wakiwa wasichana hajawahi kunyoosha mkono kuomba kitu, na kila kitu kilimfuata chenyewe.

Marehemu baba yao aliwaachia nyumba mbili za mbao, za ghorofa tatu tatu, zimekaa ubavu kwa ubavu katika mtaa ule wa East Providence. Kila binti na yake, kila mmoja akaishi chini na kupangisha juu. Kati ya nyumba kuna ua mwembamba, na juu ya ua inapita kamba ya nguo aliyoifunga baba kwa mikono yake, inayozunguka kwenye makapi mawili, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, moja kwenye kibaraza cha nyuma cha Deolinda na moja kwa Natália, ghorofa ya pili kwa ghorofa ya pili. Baba alipanda na mzabibu. Mizizi iko kwa Deolinda, lakini mti ulitafuta jua, ukavuka ua, na zabibu zote huning'inia kwa Natália. Kila Septemba Natália humletea dada yake bakuli moja, tena kwa tabasamu. Bakuli la zabibu zake mwenyewe! Hata marehemu Gil, mume wa Deolinda, Mungu amrehemu, alikuwa akirudi kutoka kwa shemeji yake anajilamba midomo, anauliza kwa nini supu ya hapa haiwi kama ile.

Na sasa Horácio. Mjane msafi, fundi wa vito aliyestaafu, mpuliza tarumbeta kubwa ya sauti nene katika bendi ya parokia. Majira ya baridi yote alikuwa akimshikia Deolinda mlango wa kanisa baada ya misa. Ungemuuliza Deolinda, angekwambia anatafuta mpangaji mstaarabu tu, asiyevuta sigara. Mwongo. Mwanamke hanunui mapazia mapya kwa ajili ya mpangaji asiyevuta sigara.

Akaenda kwa Graça, binti yake wa ubatizo, mwanasheria mwenye ofisi juu ya duka la mikate. Graça aliusoma mkataba, akamweleza taratibu. Aliyetia sahihi amejifunga. Hawezi kuamka asubuhi akasema sitaki. Vyumba vikikaa vitupu, mwenye nyumba ana haki ya kumdai kodi mwezi kwa mwezi. Ila haki hiyo ina mkia wake: mwenye nyumba haruhusiwi kukunja mikono na kukaa. Lazima atafute mpangaji mwingine kwa nia safi, na siku huyo mwingine akiingia, wa kwanza yuko huru. Hakimu akigundua kwamba watu walikuja, mwenye nyumba akawafukuza, basi hana kesi tena.

Deolinda alisema ameelewa. Graça akamtazama juu ya miwani.

"Mama, hebu niambie ukweli. Unataka kodi, au unamtaka mtu?"

"Nataka haki yangu," alisema Deolinda, akachukua mkoba wake.

Akatundika kibao cha kupangisha. Tena kwa herufi kubwa, kama sheria inavyotaka. Ila alikitundika dirisha la jikoni, upande wa uani, ambako wangekisoma kuku wa jirani kama kuku wangekuwa wamesoma. Akadhani mambo yamekwisha. Kumbe Natália naye ana macho, na kuku ni wake. Akaanza kuwatangazia watu pale kanisani kwamba kwa dada kuna ghorofa nzuri, ina jua la asubuhi, na dada ni mtu mwema. Watu wakaja.

Wa kwanza alikuwa na mbwa, na mkataba haukubali mbwa, hilo likapita vizuri. Wa pili alikuwa mwalimu kijana, Marisa, amevaa viatu safi, hana mbwa, hana mume, hana kelele. Alisimama katikati ya chumba cha samawati akasema jamani, hapa ndipo. Alikuwa ameshaanza kupima kwa macho mahali pa kuweka kitanda. Deolinda aliona Horácio anaponyoka mbele yake hivihivi, anavuka ua na kofia yake, anaketi kwenye meza ya Natália. Roho ikamruka.

Akamwambia yule binti kwamba humu mna panya. Akamwambia mabomba huganda kila Januari, paa linavuja, na yeye mwenye nyumba ana maradhi ya usingizi, huamka akapiga kelele. Nyumba ambayo haijaona panya tangu ijengwe! Marisa alishuka ngazi haraka. Deolinda akabaki ameketi kwenye ngazi, maana alikuwa ameitukana nyumba ya baba yake kwa kinywa chake mwenyewe. Hasidi hana sababu, walisema wahenga, na walimjua Deolinda kabla hajazaliwa.

Kesho yake Natália alipita kwenye kijilango cha uani, mikono imejaa unga.

"Dada, nyumba ya baba ina panya?"

"Nani kakutuma?"

"Hakunituma mtu. Mwachie mtu wa watu aende anakotaka."

"Alitia sahihi."

"Sahihi ni ya vyumba, dada," alisema Natália, tena kwa upole, na upole wake ndio uliouma. Akarudi kwake. Deolinda alilia kwa hasira mpaka viazi vikaungua.

Lakini ngoja. Kabla wiki haijaisha, Horácio alibisha hodi mwenyewe. Alisema hataki ndugu wawili wakosane kwa sababu yake. Sahihi ni yake, hakulazimishwa, na mwezi wa Mei ukianza atahamia kama alivyoahidi. Deolinda alimjibu kwa sauti ya mwenye nyumba, kavu, kwamba hilo ni jambo la busara. Alipofunga mlango alijishika kifua, akazunguka jikoni kama msichana. Kwenye duka la mikate alihakikisha kila mtu amesikia. Haki ni haki, alisema, na siku ile hata mkate aliula mkavu ukawa mtamu.

Horácio akahamia. Akawa mpangaji wa kupigiwa mfano, analipa mapema, anafagia ngazi bila kuambiwa. Na kila jioni viatu vyake vikashuka ngazi, vikasimama kidogo mlangoni kwa Deolinda, sauti ikasema habari za jioni Bi Deolinda, kisha vikavuka ua. Harufu ya supu ya sukuma wiki na soseji ikaja dirishani. Kikafuata kicheko cha Natália. Deolinda alikula peke yake, kijiko kikigonga sahani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akijiambia kwamba mtu akipanga vyumba hajapangiwa pa kula.

Halafu yakaja mashati. Asubuhi moja alisikia kapi linalia, akatoka uani, akatazama juu. Natália alikuwa kwenye kibaraza chake anavuta kamba, na mashati ya Horácio, yamefuliwa meupe, yanapita moja moja juu ya ua kuelekea ghorofa ya pili ya Deolinda. Macho hayana pazia, aliyaona yote. Wivu ulimshika pale akasahau kilichomtoa ndani. Mara mbili aliingia kutafuta mkasi. Mara mbili aliurudisha, kwa kuwa kamba ni ya baba, nusu yake na nusu ya Natália, na ukikata nusu yako yote inaanguka.

Akavumilia mpaka sikukuu ya Roho Mtakatifu. Jumapili ile alioka mkate mtamu wa mayai, akaufunga kwa kitambaa, akapanda ngazi. Alikuwa ameamua. Heri amwachie aende kuliko kumsikiliza kila jioni akienda. Alimkuta Horácio anang'arisha tarumbeta yake kwa ajili ya maandamano.

"Bwana Horácio, nimekufungulia mkataba. Hamia unakotaka. Sikudai kitu."

Horácio aliweka tarumbeta chini. Badala ya kufurahi, uso ulimsawijika. Akauliza amekosa nini. Akamsihi asimtoe. Ndipo akaeleza, huku amewiva masikio kama kijana: yeye na Natália watafunga ndoa Septemba, zabibu zikiiva. Kosa lao lilikuwa kutaka kukaa chini ya paa moja kabla ya hapo. Wanawake wa rozari walishaanza kunong'ona, na mtoto wa Natália alipiga simu kutoka New Bedford akafoka, Natália akalia usiku kucha. Hawakujua watokeje.

"Ulipong'ang'ania haki yako, ukatuokoa," alisema. "Natália anasema hakuna dada kama wewe. Niache hapa mpaka harusi, tafadhali."

Deolinda alikuwa bado ameshika mkate.

"Na mimi je? Mimi pia mjane. Unalala juu ya kichwa changu. Kwangu hawanong'oni?"

Horácio alicheka, kicheko chema kabisa, kisicho na ubaya hata chembe.

"Kwako? Aa, Bi Deolinda. Kwako nani atasema kitu."

Deolinda aliuweka mkate mezani. Alisema akae mpaka Septemba, mkataba ni mkataba. Kisha akatokea kwenye kibaraza cha nyuma kupata hewa, maana chumba cha samawati kilikuwa kimemkaba. Kamba ilianza kulia. Shati la sherehe, jeupe, limepigwa pasi hata kola, lilikuwa linakuja kwake polepole juu ya ua. Likafika katikati, likasimama. Kapi la upande wake lilikuwa limekauka, halijatiwa mafuta tangu Gil alipokufa.

Natália alimwona, akapunga mkono.

"Dada, limekwama. Hebu vuta."

Deolinda akaishika kamba kwa mikono miwili, akavuta.