Bloa Mbili za Mzee Magige

Madam Caren alimtuma Magige Migori akachague bloa mwenyewe, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Angesema tu "leta ya betri", Magige angeileta, akanung'unika moyoni, mambo yakaisha. Lakini Madam ni mtu wa heshima zake. Alisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: atakayeibeba ni Magige, basi achague Magige.

Bloa, kwa asiyeijua, ni mashine ya kubeba mgongoni kama pampu ya kunyunyizia dawa, ila hii ina bomba nene la kupuliza majani. Hoteli ya Madam iko ukingoni mwa ziwa, Homa Bay. Kila kukicha kuna majani kwenye vijia, na chini ya kila taa kuna kichuguu cha vijidudu vya ziwa vilivyokufa. Bloa ya petroli iliyofanya kazi hiyo miaka tisa ilikuwa imezimika moja kwa moja. Wageni wa semina hawakuililia hata kidogo. Mmoja wao alikuwa ameshauliza kama hoteli imejengwa kando ya uwanja wa ndege. Aliyeililia ni Magige peke yake, na hata yeye hakulilia mashine. Alililia maficho yake.

Tuseme wazi, hakuna haja ya kuzungukazunguka: Magige alikuwa hasikii. Mtu akisimama mbele yake, uso kwa uso, akapaza sauti, Magige aliokota neno hapa na neno pale, mengine akayasoma midomoni. Mtu akiwa nyuma au pembeni, kwisha habari. Ilianza polepole, miaka sita nyuma, na hakumwambia mtu. Hata mkewe kule Kehancha hakujua. Yeye alidhani ni ndoa tu imezeeka. Magige aliogopa. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na hakuona ni hoteli gani ingemweka mzee asiyesikia gari likirudi nyuma.

Sasa, mtu mwenye bloa ya petroli mgongoni haulizwi kwa nini hasikii. Watu wenyewe humwonyesha kwa mkono: njoo, nenda kule, chai tayari. Akiitwa mara tatu asiitike, husemwa ni mashine hiyo. Magige aliiwasha asubuhi akaizima alasiri, na siku nyingine aliivaa hata pasipo na jani la kupuliza. Jikoni walimsifu kwa bidii.

Basi akafika Migori, kwenye duka la Kultum karibu na stendi, duka la pampu za maji, mashine za kukata nyasi na vifaa vya wachimba dhahabu wa Osiri. Kultum alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye maneno mengi na mikono isiyotulia. Magige alimpenda papo hapo. Mtu anayeongea kwa mikono ni nusu ya masikio.

"Karibu mzee wangu," Kultum akasema. "Hii ya petroli ni dume. Inapuliza hata majani yaliyolowa. Lakini petroli lazima uichanganye na oili sawasawa, ukikosea umeua injini. Hii ya betri haina moshi, haina kamba ya kuvuta, ni kubonyeza tu. Betri mbili: moja mgongoni, nyingine kwa chaja. Ubaya wake, stima ikipotea siku nzima unarudi kwa ufagio."

"Stima inapotea sana kwetu," Magige akadakia.

"Haya, jaribu zote."

Alianza na ya petroli. Akavuta kamba mara tatu, ikaanza kutetema mgongoni, na Magige akajisikia yuko nyumbani. Akaizima, akavaa ya betri. Akabonyeza, akafinya kifyatulio. Kimya. Alihisi bomba kama linavutwa kidogo, akadhani ni uzito wake. Akafinya mpaka mwisho, kimya. Akageuka kumwambia Kultum kwamba hii ni mbovu, na bomba likageuka pamoja naye. Karatasi za mezani zikaruka mpaka barabarani, kalenda ikatoka ukutani, na Kultum akabaki ameshika ushungi wake kwa mikono miwili, mdomo unakwenda mbio.

Alipomaliza kuokota karatasi zake, Kultum alikuja akasimama mbele ya Magige, karibu kabisa.

"Mzee. Masikio."

"Masikio yako sawa. Ni mashine haina nguvu."

"Haina nguvu! Imenishushia kalenda!"

Magige akatazama viatu vyake. Kultum hakumshikilia. Alimgusa mkono ili atazame juu, kisha akasema taratibu, "Mamangu Mulki alikuwa hivyo hivyo. Mpaka anakufa alisema ni sisi tuliopunguza sauti." Akazifunga mashine zote mbili pamoja. "Chukua zote, mzitumie wiki moja. Madam wako ni mteja wangu. Itakayowafaa mbaki nayo, ile nyingine uniletee. Na ukivaa ya petroli uzibe masikio na hivi vizibo, usije ukamaliza hata kile kidogo kilichobaki."

Magige alirudi Homa Bay na shauri lake kichwani. Siku tatu angefanya kazi na ya petroli kama kijana. Siku tatu nyingine angefanya na ya betri kama mtu aliyeteguka kiuno, kisha angemwambia Madam kwamba ya betri ni mwanasesere. Ujanja mtupu. Jumamosi mpaka Jumatatu hoteli ilinguruma. Rael, mpishi, alimsikia akiponda ile ya betri kabla hata hajaivaa.

Jumanne akaivaa.

Langoni palikuwa na mlinzi wa zamu ya usiku, Mokua, Mkisii wa kutoka ng'ambo ya Rongo. Kwa miaka sita yeye na Magige walikuwa wamesalimiana kila asubuhi, na salamu hizo zilikuwa na njia yake, kama ng'ombe wanaokwenda mtoni. "Umeamkaje mzee?" Salama. "Wa nyumbani?" Wazima. "Na mvua huko kwenu?" Tushukuru Mungu. Haikurukwa hata moja. Baada ya hapo Mokua aliegemea dirisha la kibanda chake akamwaga yaliyo moyoni, na Magige akamtazama uso: Mokua akicheka, naye akacheka, Mokua akikunja uso, naye akatikisa kichwa, na mwisho akafunga kwa tushukuru Mungu. Mokua aliwaambia watu kwamba hajapata kuona msikilizaji kama Mzee Magige. Hakatizi, anakuacha umalize.

Asubuhi hiyo Magige alikuwa chini ya taa ya lango, akipuliza vijidudu kabla wageni hawajaamka. Mokua alitoka kibandani na simu mkononi, kichwa ameinamisha, akaja kwa ubavuni. Ingekuwa ile mashine ya petroli angezunguka mbele amwonyeshe kwa mkono azime. Hii ilikuwa inahema tu, basi Mokua hakuona haja. Akasema jambo. Magige alimwona kwa pembe ya jicho, lakini kichuguu kilikuwa kimeanza kutawanyika kuelekea kwenye maua, hakutaka kukiacha.

"Salama!" akajibu.

Mokua akasema jambo la pili.

"Wazima!"

Mokua akasema la tatu.

"Tushukuru Mungu!" akasema Magige, na kwa kuwa asubuhi ilikuwa nzuri, akaongeza na kicheko.

Alipogeuka, Mokua alikuwa ameshatoka nje ya lango. Rael, aliyekuwa anaingia kazini, alikuwa amesimama na kiganja mdomoni.

Mokua alikuwa amesema hivi. Kwanza, "Mzee, mama ameniacha." Kisha, "Wamenipigia sasa hivi, amefariki alfajiri." Na mwisho, "Nifanye nini, mzee?" Alimwambia Magige kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote duniani.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Wahenga hawakusema kilio cha nani.

Siku mbili Magige alikunywa chai peke yake. Kikombe kiliwekwa ukingoni mwa meza, migongo ikamgeukia. Alijua amekosa, hakujua amekosa nini. Wapishi walimsema wakiwa hatua mbili kutoka kwake, na yeye akaendelea kuchovya mkate. Inauma kutukanwa, kutukanwa bila kupata habari ni upweke wa aina yake.

Alhamisi Madam Caren akamwita ofisini, akafunga mlango, akaketi mbele yake.

"Mzee Magige, mamake Mokua amefariki. Mokua alikuambia Jumanne. Ukamjibu tushukuru Mungu, na ukacheka."

Magige akaketi bila kukaribishwa. Alimjua mama huyo, Mong'ina. Kila Desemba alimpa Mokua ndizi mbivu amletee "yule mzee wako wa Kuria".

"Mimi nimewaambia jikoni ni ile mashine ya petroli," Madam akaendelea. "Mtu hawezi kusikia na kelele ile. Ndiyo maana nataka tununue ya betri. Si ndivyo ilivyokuwa?"

Hapo palikuwa na njia ya kutokea, angepita. Neno moja tu, ndiyo. Lakini ndiyo hiyo ingemletea mashine ya kimya mgongoni kwa maisha, na kesho yake mtu mwingine angekuja ubavuni na msiba wake. Tena Mokua aliiona mashine ile kwa macho yake.

"Nilikuwa na ya betri, Madam."

"Basi ilikuwaje?"

"Sisikii. Huu ni mwaka wa sita."

Magige alisubiri kufukuzwa, mikono magotini.

"Tutakupeleka ukapimwe," Madam akasema mwishowe. "Na kuanzia leo usiende maegesho ya magari. Bustani na vijia tu. Haya, mashine nayo? Rael anasema hii ya betri huitaki."

"Nilikuwa nadanganya. Ni nyepesi, na inapuliza vizuri. Kwangu zote mbili zimenyamaza, Madam. Kelele ni yenu nyinyi."

Ijumaa akabeba ile ya petroli kuirudisha Migori. Alipopita Rongo kidogo akashuka, akaulizia njia, akapanda kilima mpaka kwa kina Mokua. Alipoingia na bloa mgongoni, waombolezaji walimtumbulia macho. Mama mmoja mzee alidhani ameletwa kufagia, akamkanya kwa kidole: uwanja wa matanga haufagiwi. Ni kweli, majani ya mparachichi yalikuwa yamelala pote na hakuna aliyeyagusa. Magige akaitua mashine kando ya ua.

Mokua alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kigoda, peke yake. Hakuinuka. Magige akavua kofia.

"Mokua, Jumanne sikukusikia. Na si mashine, ni masikio yangu yamekufa. Nilijibu salamu kwa mazoea. Pole kwa mama. Nisamehe, mwanangu."

Mokua alimtazama sana.

"Tangu lini?"

"Miaka sita."

"Miaka sita ndiyo yote niliyokaa kwenye lile lango."

"Ndiyo."

"Siku ile nilikuambia mke wangu amerudi kwao?"

"Niliona umehuzunika. Sikujua ni nini."

Mokua akapangusa uso kwa kiganja. "Na Januari? Nilikuambia mama anaumwa, hana mtu wa kumwangalia. Nikakuuliza, mzee, niache kazi nirudi nyumbani, ama nibaki? Unakumbuka ulinijibu nini?"

Magige hakukumbuka. Lakini alijua, kwa maana jibu lake lilikuwa moja siku zote.

"Tushukuru Mungu," akasema.

"Nilidhani unaniambia nibaki," akasema Mokua. "Nikabaki."

Alitamani kwa mara ya kwanza asisikie kabisa. Watu walipita na sufuria za chai, hakuna aliyewasogelea. Baadaye Mokua aliinuka, akaleta kigoda kingine, akakiweka mbele ya chake, magoti karibu yagusane.

"Keti hapa. Hapa, unione mdomo."

Magige akaketi.

"Mzee," Mokua akasema, polepole, neno kwa neno, machozi yakimtiririka, "mama anaumwa. Nirudi nyumbani, ama nibaki?"

Magige alilisikia swali lote.

"Rudi," akasema. "Rudi nyumbani, mwanangu, leo leo."

Mokua akatikisa kichwa kukubali, na wakakaa hivyo mpaka chai ikaletwa.