Mistari ya Mlangoni

Profesa Tak alifika kwangu Jeonju siku niliyokuwa nabadilisha karatasi zinazofunika fremu za milango yetu, kama tufanyavyo kabla ya baridi. Alifuata ule mchoro mkubwa wa marehemu mume wangu, Maeng Seok-ju.

"Shemeji, Tokyo wanausubiri. Nimeshawaahidi. Bila huo, maonyesho yangu hayana kichwa."

Huyuhuyu, zamani, mbele ya wachoraji wa Seoul, aliuinua mchoro ule wa mistari ya penseli mitupu, kila mstari pumzi moja, akauliza, "Maeng, penseli umeshaijaribu vya kutosha. Utaanza kuchora lini?"

Walicheka sana. Mume wangu akarudi nyumbani, akaubandika kwenye mlango wa chumba chetu badala ya karatasi ya kawaida. Hakuchora tena. Alikufa akiutazama.

Na mlango huo ndio uliokuwa mbele ya profesa alipokuwa akinywa chai yangu.

Nikaomba kimoyomoyo: Bwana, akiutambua, nitampa, na nitamsamehe.

"Basi uko wapi, shemeji?"

"Humu humu ndani. Ngoja nimalize mlango huu."

"Lete nikusaidie, wewe mtu mzima." Akavua koti, akajaza maji mdomoni, akaupulizia mlango ili karatasi ya zamani ibanduke. Karatasi ilipolowa, mistari ikakolea yote, wazi kabisa mbele ya pua yake.

"Mbona imejaa mikwaruzo hivi? Imekwisha hii," akasema, akaanza kukwangua kwa kisu, vipande vikiangukia kwenye beseni, huku akinifundisha. "Watu hawakumwelewa Maeng. Ule utulivu! Mimi nilimwona mapema."

"Ulimwona," nikasema. "Hapo kwenye kona pamebaki."

Akapakwangua.

Alipokwisha kunawa akasugua viganja. "Haya, tuutazame."

"Umenawa mapema, Profesa. Ndio huo kwenye beseni."

Akacheka. Kisha hakucheka. Alipiga magoti, akachota bonge lililolowa, akajaribu kulikunjua. Kipande chenye mistari mitatu kikamkatikia mkononi.

"Shemeji! Umefanya nini?"

"Mimi? Mimi nimekaa hapa nakuangalia."

Akalia kwa sauti, mtu mzima na tai yake. Sikumhurumia, na katika sala zangu sijaliombea toba jambo hilo hadi leo. Nikakoroga gundi ya unga, nikamwambia afute machozi yasije yakadondokea karatasi mpya, anishikie upande wa pili.