Theluji ya Gabes

Kadi ya mwaliko ilikuwa na ramani, na ramani hiyo Theopista aliichora kwa mkono wake mwenyewe. Aliitambua kabla hajasoma neno. Ghuba iliyojikunja, mji wa Gabes ukingoni mwa bahari, jangwa mgongoni mwake, na ule mkwaruzo mdogo upande wa kusini ambapo kalamu ilimteleza siku Mzee Hedi, mkulima wa huko, alipomcheka. Chini yake iliandikwa: Uzinduzi wa kitabu "Bustani Kando ya Bahari". Mwandishi: Filemon Basili.

"Shoga, mbona umekauka hivyo?" Rukaiya alimuuliza. Walifundisha wote Jiografia katika sekondari moja ya Old Moshi, na meza zao ofisini ziligusana. Rukaiya alivuta ile kadi, akaisoma, akaguna. "Huyu si ndiye yule wako wa Sanya Juu?"

"Si wangu."

"Haya, yule mwizi wako. Utaenda?"

"Nitaenda hata kwa magoti."

Pamoja na kadi ilikuja nakala ya kitabu, kwa sababu kilikuwa kinapendekezwa kwa shule za sekondari mkoani. Ikiwa kingepita, mwezi ujao Theopista angesimama mbele ya wanafunzi wake akiwafundisha miezi saba ya maisha yake, kwa jina la Filemon.

Miezi hiyo saba aliishi Gabes, pwani ya Tunisia, akifanya utafiti wa shahada ya pili. Kila asubuhi alimfuata Mzee Hedi bustanini. Mitende ilisimama juu kama paa. Chini yake mikomamanga na miaprikoti, yenye matunda madogo ya manjano, laini, ya kukaushwa juani. Na chini kabisa hina, vitunguu na majani ya mbuzi. Ngazi tatu za kilimo juu ya kipande kimoja cha ardhi. Theopista alipoona hayo kwa mara ya kwanza machozi yalimtoka, maana aliona kihamba cha baba yake, shamba la kuzunguka nyumba: migomba juu, kahawa katikati, magimbi na maharage chini, na mfongo, mfereji wa maji ya mlimani, ukipita pembeni kwa zamu. Hata pombe walikuwa nayo, utomvu wa mtende, mtamu asubuhi na mkali ikifika alasiri. Mzee Hedi mwenyewe aliunywa wa asubuhi tu, na alimuuliza Theopista mambo ya mbege, pombe ya ndizi ya kwao, mpaka akachoka kujibu.

"Kaandike," alimwambia siku ya kuagana. "Andika kwamba kabla ya kile kiwanda cha mbolea kujengwa pale ufukweni, tulikuwa na chemchemi zinazojitokea zenyewe, na samaki tuliwaokota maji yakipwa. Andika ili watu wa mlima wenu walinde maji yao."

Theopista aliahidi. Na kila Ijumaa ya miezi hiyo saba aliandika yote kwa barua pepe na kumtumia mchumba wake Filemon, amsahihishie lugha. Filemon aliyasahihisha vizuri sana. Aliyachapisha katika jarida kwa jina lake wiki tatu kabla Theopista hajawasilisha tasnifu yake, na chuoni aliyeonekana mwizi akawa Theopista. Ilimchukua miaka mitatu kuandika tasnifu nyingine, juu ya mmomonyoko wa udongo, jambo asilolipenda wala kulichukia.

Angeweza kupiga kelele. Lakini baba yake Filemon alikuwa mtu anayejua mila. Alipanda mpaka Old Moshi na pipa la mbege na jani la isale, la kuombea msamaha, akamkuta Mzee Mathew, baba yake Theopista, peke yake. Theopista alikuwa shuleni akisahihisha mitihani. Aliporudi alikuta jani lile bichi limechomekwa juu ya mlango, na kesi imekwisha. Kwao isale likishapokelewa, kosa limezikwa, na anayelifukua ndiye mkosaji mpya.

"Ukimtaja kijana yule kwa ubaya mbele za watu," Mzee Mathew alisema, "umenivua nguo mimi."

"Wamekuomba msamaha wewe, baba? Wewe ulikwenda Gabes?"

"Nimepokea. Basi."

Kwa hiyo alinyamaza. Alinyamaza miaka minne, na chuki ile aliitunza kama mtu anavyotunza moto chini ya majivu. Alipopika alimuwaza Filemon. Alipopalilia, kila gugu alilong'oa lilikuwa na shingo.

Jumamosi alikaa na kile kitabu kihambani, mgongo wake ukiegemea mgomba. Alikisoma kama mtu anayepekua mifuko ya mwizi. Sentensi ile yangu. Ile yangu. Mzee Hedi alikuwa amegeuzwa "mkulima mmoja niliyezungumza naye." Alifika ukurasa wa kumi na moja, akasoma, akarudia, kisha akacheka peke yake mpaka kuku wakakimbia.

"Maji ya bustani za Gabes," kitabu kilisema, "huteremka kutoka theluji ya milima ya Matmata."

Sentensi hiyo pia ilikuwa yake. Aliiandika hapo hapo nyumbani, kabla hajapanda ndege, katika sura ya kwanza ya majaribio. Nani kati ya watu wa mlimani angeandika tofauti? Tangu mtoto unajua hivyo: penye mfereji, juu yake pana mlima, juu ya mlima, theluji. Wiki yake ya kwanza Gabes, Mzee Hedi alimcheka kwa sababu ya theluji hiyo mpaka kalamu ikamteleza kwenye ramani. Theopista aliifuta sentensi ile siku hiyo hiyo. Lakini Filemon alibaki na sura ya zamani, aliyotumiwa kabla ya safari, akaiunga na barua za Ijumaa. Hakuona kasoro yoyote. Na yeye alikuwa mtoto wa mlima huu huu.

Jioni alimkuta baba yake akimenya ndizi.

"Baba, nikimuuliza mtu swali, nimemtaja kwa ubaya?"

Mzee Mathew hakuinua uso. "Swali gani?"

"La Jiografia."

Kisu kilizunguka ndizi nzima kabla mzee hajajibu. "Jiografia haikutajwa siku ile," alisema.

*

Ukumbi mjini Moshi ulijaa. Walikuwapo walimu wa sekondari, na kwa kuwa kitabu kililinganisha bustani za Gabes na vihamba, wazee wa mifongo walialikwa pia. Mzee Mathew, mwenyekiti wa mfongo wao, alikaa mstari wa pili na kofia yake gotini. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mtaalamu wa maji kutoka Dodoma.

Filemon alipendeza. Suti ya kijivu, sauti laini ile ile. Nyuma yake palikuwa na ramani ya Theopista, imekuzwa ukubwa wa shuka, imebandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi. Alimwona Theopista, akasita, kisha akamtazama Mzee Mathew pale mbele, akatulia. Alijua isale limepokelewa. Aliongea nusu saa bila wasiwasi, akigusa kifua chake kila aliposema "nilipokuwa Gabes."

"Kifua hicho," Rukaiya alinong'ona, "mimi ningekipiga kiatu."

"Tulia. Tumpe kamba ajifunge mwenyewe."

Maswali yalipofunguliwa, Theopista alisimama.

"Shikamooni wazee. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, nina swali dogo kwa faida ya wanafunzi. Maji ya bustani zile yanatoka wapi?"

Filemon alitabasamu kwa shukrani. Swali lilikuwa jepesi. "Asante, mwalimu. Yanatoka kwenye theluji ya milima ya Matmata."

"Uliiona?"

"Naam?"

"Theluji. Uliiona kwa macho yako?"

"Niliiona," alisema Filemon, na akagusa kifua. "Hasa asubuhi, mawingu yakifunguka. Ilinikumbusha nyumbani."

Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Waliijua asubuhi ya namna hiyo. Theopista alijisikia mtulivu kuliko alivyowahi kuwa tangu siku ile ya jani la mlangoni.

"Ahsante. Na milima hiyo ina urefu gani kutoka usawa wa bahari? Iko ukurasa wa tisa, kwenye jedwali."

Filemon alifungua kitabu. Kurasa zilisikika zikigeuka, kisha hazikusikika tena.

"Tusomee tu," alisema Theopista kwa upole.

"Mita... mia sita na kitu."

"Mia sita. Na hapa Moshi mjini, hapa tulipokaa, tuko mita ngapi?"

Mwalimu mmoja nyuma akajibu kwa mazoea, kama aliyeulizwa darasani: "Mia nane na zaidi!"

Ilichukua muda kidogo kuingia. Kisha mzee mmoja wa mfongo, Mzee Aminieli, jirani yao mwenye masikio mazito na mdomo mwepesi, aligeuka kuwatazama wenzake.

"Ngoja, ngoja. Mlima wenyewe mfupi kuliko soko la Mbuyuni hapa mjini?"

"Ndiyo, meku," Theopista alimjibu mzee.

"Na una theluji?"

"Ndivyo alivyoiona."

"Basi leo nikishuka stendi nivae koti, mbe! Itatuangukia!"

Ukumbi ulipasuka. Wazee walipigana mapaja, walimu walijifuta macho, na Mzee Aminieli, akiona amefaulu, alikunja shingo kama anayesikia baridi. Hakuna kicheko cha watu wengine kingeweza kuuma hivyo. Hawa walikuwa watu wa theluji. Huwezi kuwadanganya juu ya theluji. Mgeni rasmi hakucheka. Alikifunga kitabu taratibu, akamsogelea mchapishaji aliyekaa pembeni yake, na Theopista alimsikia akisema, "Hiki shuleni hakiendi. Huyu hajawahi kufika huko."

Filemon alikusanya karatasi zake. Uso wake ulikuwa wa majivu. Theopista aliutazama vizuri, kipande kwa kipande, jinsi alivyojiahidi. Ulikuwa mtamu kuutazama. Ndipo alipoona vijana wa mchapishaji wakianza kurudisha vitabu kwenye maboksi, na utamu ule ukaisha: humo ndani alikuwamo Mzee Hedi. Mitende yake, chemchemi zake, samaki wake, vyote vilikuwa vinafungwa kwa gundi pamoja na jina la mwizi.

"Samahani, mama," alimwambia mgeni rasmi, kwa sauti iliyofika mpaka nyuma. "Swali halijajibiwa. Naomba nijibu mimi. Nilikaa Gabes miezi saba."

Hakusema zaidi ya hapo. Hakuhitaji. Vichwa vilimgeukia yeye, vikamgeukia Filemon, na kila mwenye akili akajumlisha mwenyewe. Mama wa Dodoma alivua miwani. "Pita mbele," alisema.

Filemon alianza kuelekea mlangoni. Wakati huo huo kona ya juu ya ramani ikabanduka ukutani, ghuba yote ikajikunja na kuinama.

"Filemon," Theopista aliita. "Kaka, usiondoke. Nishikie ramani."

Watu mia mbili walimtazama. Kukataa kungekuwa kukiri, na kutoka kungekuwa kukimbia. Alirudi. Aliinua mikono yote miwili, akaishika ramani juu, uso wake kwa watu.

"Juu kidogo," alisema Theopista. "Gabes haionekani."

Kisha akawaambia. Maji yale yalikuwa mvua iliyonyesha maelfu ya miaka iliyopita, ikazama chini ya jangwa lililokuwa bado kijani, ikatembea gizani chini ya mawe mpaka pwani, na hapo ikapanda yenyewe. Warumi waliyakuta, misafara ya ngamia iliyakuta, Wafaransa waliyakuta. Tende za Gabes si tamu sana kwa sababu hewa ya bahari huzilowesha, ndiyo maana riziki yao ilikuwa mikomamanga na hina. Alieleza kiwanda na pampu, na chemchemi zilizonyamaza moja baada ya nyingine ndani ya umri wa mtu mmoja. Mtu huyo alimtaja kwa jina, mara nyingi, mpaka wazee wakaanza kumwita "huyo Hedi wetu."

Kila mikono ya Filemon iliposhuka, alisema bila kugeuka: "Juu kidogo, kaka." Jasho lilimtoka kwenye suti. Alimshikisha dakika arobaini. Angeweza kumwachia baada ya kumi. Hakutaka, na hakuona aibu kutotaka.

Mwishoni mkono mmoja uliinuka mstari wa pili. Mzee Mathew alisimama, kofia mkononi. Baba yake hakumwita mwanangu.

"Mwalimu," alisema, "huko kwao mfereji ukibomoka, na aliyeubomoa hataki kusema, nani anautengeneza?"

Theopista alimtazama baba yake. Mzee hakumtazama yeye. Alimtazama aliyeshika ramani.

"Anaitwa auone, Mzee Mathew," alijibu. "Anasimamishwa pale pale palipobomoka, na wenzake wanafanya kazi mbele yake mpaka maji yapite."

Mzee Mathew aliitika kwa kichwa na kukaa. "Endelea," alisema.