Gobore la Shemeji Merrill

Shemeji yangu Merrill Vondra huuza mabwawa ya kuogelea mjini Omaha, na mpaka kitambi kilipomkaa sawasawa hakuwahi kuua hata panya. Kisha akajiunga na chama cha wanaume wanaovaa ngozi, wanaolala kwenye mahema ya turubai na kupeana majina ya porini. Yeye walimwita Dubu Mkimya. Aliyempa jina hilo hakuwahi kula naye meza moja.

Desemba ile, msimu wa kuwinda kwa magobore ulipofunguliwa, alikuja kwetu pamoja na mkewe Oleta, ambaye ni dada yangu. Tunaishi magharibi kabisa mwa Nebraska, mahali ambapo mti wa karibu niliupanda mimi, na umekufa. Merrill alishuka garini na koti la ngozi lenye nyuzi zinazoning'inia, kofia ya manyoya yenye mkia, na gobore refu ambalo ilibidi alitoe kupitia dirishani.

"Shemeji Arvid," aliniambia kabla hajaketi, "wewe huwindi. Wewe unaua. Mtu mwenye bunduki ya darubini ni kama mtu anayezima taa ukutani."

"Na wewe je?"

"Mimi nampa mnyama nafasi yake. Risasi moja. Ikimkosa, aende zake. Mababu zetu walikuwa na heshima."

"Mwambie na habari ya blanketi," Oleta alisema huku akivua glavu.

Blanketi lilikuwa la umeme. Merrill alisema ni kwa ajili ya mgongo, akaniuliza soketi iko wapi.

Usiku huo kucha, hata nikiwa chumbani kwangu, nilimsikia akimhubiria Oleta juu ya wawindaji wa zamani waliovuka nyika hizi kwa miguu. Babu yangu alivuka nyika hizi kwa gari moshi, akalalamika njia nzima. Lakini kwa kweli maneno yale ya taa ukutani yalikuwa yameniingia. Ndiyo maana asubuhi nilivaa buti zangu nikaenda naye, ingawa nilikuwa na ng'ombe wa kulisha.

Oleta ndiye aliyeendesha pikapu. Alituteremsha nyuma ya kilima, akabaki juu na chupa ya kahawa na darubini yangu, hita ikiunguruma. Upepo ulikuwa unatoka Wyoming na haukuwa umepita kwa mtu yeyote njiani. Juu ya ngozi zake zote Merrill alilazimika kuvaa kizibao cha rangi ya chungwa, kama sheria inavyotaka, kwa hiyo yule mwindaji wa kale alifanana sana na mtu wa kuelekeza magari barabara inapochimbwa.

Akaanza kushindilia gobore, na kama kawaida yake akafundisha.

"Tazama, shemeji. Kila kitu ni mkono. Hakuna mashine ya kukufikiria. Ndiyo maana watu wa zamani hawakusahau mambo. Ukisahau, unakufa." Alizungusha risasi kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta, akaiweka mdomoni mwa mtutu, akaisukuma chini kwa mdeki, taratibu, akifumba macho nusu kama mtu anayeonja mchuzi. "Vijana wa leo wangesahau nusu ya hatua."

Niliitikia. Nilikuwa naangalia bondeni, maana nilikuwa nimeona masikio.

Kulungu wetu wana masikio makubwa kama ya punda, na hapa hakuna kichaka cha kuyaficha. Dume lilikuwa limelala kwenye korongo dogo pamoja na majike kadhaa, pembe zake zimepanuka kama kiti cha kubembea. Hakuna njia ya kumfikia mnyama kwenye uwazi namna ile isipokuwa kwa tumbo. Tukatambaa. Theluji iliingia shingoni ikatokea kiunoni. Nilipigia goti mpungate wa miiba uliojificha chini ya theluji, nikatukana kimoyomoyo. Mbele yangu soli za Merrill zilikuwa zikipanda na kushuka, na mkia wa kofia yake ukiburutwa kwenye mavi ya ng'ombe, ng'ombe wangu mwenyewe.

Lakini nitamsifu kwa hili: alitambaa. Sikutarajia. Tulifika karibu kiasi cha kuona pumzi ya dume likitafuna.

Merrill akapiga goti moja, akalenga muda mrefu, akafyatua. Fataki ya kuwashia ikalia tak, kama mtu amekanyaga kijiti. Basi.

Dume likasimama. Kulungu wa aina yetu wana udhaifu mmoja: wakishtuka hukimbia kidogo kisha husimama kukutazama. Hili hata halikujisumbua kukimbia.

Merrill akaweka fataki nyingine. Tak.

"Shemeji," nilinong'ona, "baruti uliweka saa ngapi?"

Sijapata kuona uso wa mtu ukiingiwa na jambo polepole namna ile. Alilitazama gobore, akanitazama mimi, akaitazama pembe ya kuwekea baruti iliyokuwa inaning'inia shingoni mwake, imejaa.

"Ulinisemesha," alisema.

"Mimi nilikuwa kimya."

"Ndiyo. Ukimya wako ulinichanganya."

Risasi ilikuwa imekwama chini ya mtutu bila baruti nyuma yake, na chombo cha kuitolea kilibaki Omaha. Kwa hiyo alifungua kile kichuchu kinachovalishwa fataki, akaanza kutumbukiza punje za baruti kwenye kitundu, moja moja, kwa vidole vilivyokufa ganzi. Majike yalisogea ili yaone vizuri. Alipomaliza alilenga tena, akafyatua, kukasikika sauti kama ya mzee akikohoa, na risasi ikachomoka mtutuni ikaanguka kwenye theluji mbele yetu. Ningeweza kuiokota bila kuhama.

Dume lilipiga chafya, likaondoka kwa mwendo wa matembezi, likawachukua wake zake.

Kule juu Oleta alipiga honi mara moja, kwa adabu.

Wakati wa kurudi tulibanana watatu kwenye kiti cha mbele, Oleta kwenye usukani, Merrill dirishani. Alikuwa ameshaanza kupanga hadithi: upepo uligeuka, baruti ilikuwa na unyevu, dume lilikuwa mbali kuliko lilivyoonekana. Oleta alisema yeye kwa darubini aliona wanaume wawili wamepiga magoti wakimwomba kulungu msamaha.

Jua lilikuwa linazama tulipoliona dume jingine, kubwa kuliko la kwanza, limesimama kando ya barabara upande wa Merrill. Oleta akapunguza mwendo ili tulitazame.

Merrill akateremsha kioo. Akageuza shingo polepole kuelekea nyuma ya vichwa vyetu, ambapo bunduki yangu ya kufukuzia mbweha hutundikwa, ile yenye darubini. Msimu wa bunduki za namna hiyo ulikuwa umeshapita.

"Hiyo ina risasi?" aliuliza.

"Ina."

"Hakuna nyumba hapa."

"Hakuna."

"Nani atajua, shemeji? Leseni ninayo. Kulungu ni kulungu."

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kitako. Sikuamini macho yangu, na labda nilitaka kuona ataishia wapi.

"Dubu Mkimya," Oleta alisema, "funga dirisha. Baridi inaingia." Akakanyaga mafuta hata sote tukagonga vichwa.

Nyumbani hakukuwa na mahubiri. Merrill alikula, akashukuru, akaenda kulala mapema.

Kesho yake nilikuta lile koti la ngozi limetundikwa jikoni. Alikuwa amechukua koti langu la zizini, kizibao, gobore na pembe ya baruti, akaondoka kwa miguu. Mchana tulisikia mlio mmoja, mzito, wa mbali. Tukafuata nyayo zake kwenye theluji.

Tulimkuta ameketi karibu na dume changa lenye pembe kama uma mbili. Alikuwa amelipasua vibaya, mikono ina damu hadi viwikoni, na pembeni kwenye theluji alikuwa ametapika.

"Alisimama akanitazama," alisema.

"Halafu?"

"Halafu nikampiga." Akafuta pua kwa kiwiko cha koti langu. "Sikudhani atakuwa wa moto hivi ndani."

Oleta alipiga magoti akamwonyesha namna ya kumaliza kazi, kama baba yetu alivyotufundisha. Kisha tukaliburuta, mimi nimeshika pembe moja na Merrill nyingine, tukipumzika kila mwinuko. Nilimsubiri awataje mababu. Alihema tu.

Jioni Oleta alikaanga ini kwa vitunguu. Merrill alikula kipande kimoja bila kuinua macho, akaomba cha pili, na kabla hakijafika sahanini alikuwa amelala, kidevu kifuani, buti zikidondosha maji sakafuni. Oleta alimvua moja, akaguna kwa harufu, akaamua ya pili ibaki ilivyo. Akavuta kile kipande upande wake, akaniomba nimsogezee chumvi.