Mishikio ya Shaba

Siku ya mshahara, mpiga pasi wa hoteli alisimama mbele ya meza ya mhasibu akasubiri kusaini. Droo za meza hiyo zilikuwa na mishikio mipya ya shaba. Aliitambua mara moja. Ilikuwa ya jeneza la mama yake.

Jeneza hilo alilinunua kwa mshahara uliozidi. Alipoona umezidi alikwenda kuuliza, na mhasibu, bila kuinua macho, akamwambia ni nyongeza, arudi kazini. Mama akazikwa kwa heshima, ndani ya mbao ngumu. Baadaye ikagundulika kwamba mhasibu alikosea, na hoteli ikaanza kumkata bila hata kumuuliza.

Mwezi wa kwanza makato yalichukua mishikio. Uliofuata ukaenda mfuniko, na jioni hiyo mama akabisha hodi, nywele zimejaa udongo.

"Mwanangu, udongo unaniingia masikioni."

Binti alimkung'uta, akafagia sakafu, akamwachia kitanda. Asubuhi walikwenda wote ofisini. Mhasibu alimwamkia marehemu kwa adabu, kisha akamwomba ajifute miguu.

"Mngeniuliza kwanza," mpiga pasi alisema. "Mngekata kidogo kidogo."

"Dada yangu, kosa ni letu, lakini pesa pia ni zetu."

"Na mimi nilale wapi?" mama aliuliza.

Mhasibu akasema hayo ni mambo ya kifamilia.

Mbao nazo zikaisha, mhasibu akapata rafu nzuri ya mafaili. Deni likaisha, makato yakaendelea. Mhasibu alikiri huku akicheka kwamba safari hii wamezidisha wao, ila kurudisha kunahitaji saini ya mkurugenzi, na mkurugenzi yuko likizo. Ulikuwa ukatili mtupu, na ulisemwa kwa sauti ya upole.

Kwa kuwa jeneza lilikuwa limekwisha, makato ya mwezi huo yalimchukua mama mwenyewe. Binti alimkuta kazini kwenye meza ya pili, amefungwa aproni, ameinamia shuka. Wenzake walimwamkia wakamsogelezea kikapu. Msimamizi alimsifu kwamba haachi kunyanzi hata moja. Mshahara ulibaki ule ule mmoja.

"Mama, nenda kapumzike."

"Nikipumzika watakukata wewe," mama alisema, akipangusa udongo ulioangukia shuka.

Binti alimpa pasi yake iliyo nyepesi, akachukua ile nzito.